Tungule, Maembe na Maji Moto: Kulima Uani Bila ya Kujidhuru

Wiki hii naomba tuziweke kando siasa za kaunti, tuingie uani. Nyumba nyingi za kwetu, kuanzia Likoni hadi Malindi, zina mwembe mmoja au miwili, mpapai, mndimu, pengine na mnazi uliopandwa na babu. Bei ya tungule inapopanda, wengi huongeza na ndoo kadhaa za tungule kando ya ukuta. Ni jambo jema, nami ni mmoja wao.

Lakini kuna tabia imeenea mitaani. Wadudu wakiingia kwenye tungule, mtu akimbilia dukani, auziwa dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, kisha apuliza asubuhi na jioni. Upepo waichukua dawa ile hadi kwenye mwembe, inawaua wadudu waliokuwa wakiulinda, na msimu ukifika kila embe lina funza. Hapo apuliza tena.

Hoja yangu ni moja. Ua ni kitu kimoja: unachofanya chini kwenye tungule chafika juu kwenye mwembe, na kilicho kwenye mwembe wako chafika kwa jirani. Kinga iliyo bora si ya chupa. Ni usafi, wakati unaofaa, na kuwaacha walinzi wafanye kazi yao. Nitaeleza hatua kwa hatua ili kila mtu aweze kufuata.

Panda kusi, uepuke kaskazi

Tungule, au nyanya kama waitavyo wenzetu wa bara, si mmea wa joto kali. Mchana ukipita nyuzi 32 za Selsiasi, na usiku ukabaki juu ya 24 au hivi, maua hupukutika bila ya kufunga tunda. Hiyo ndiyo hali yetu Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi. Ndiyo maana utaona mtungule umenawiri, una maua tele, lakini tunda hulioni. Si hasidi wala jicho, ni joto.

Kusi likivuma hali hubadilika. Juni hadi Septemba jua hupungua makali na usiku hupoa. Lakini Aprili na Mei kuna mvua za masika, na mvua nyingi huleta ukungu na kuoza. Kwa hivyo hesabu nzuri ni hii: mwaga mbegu kitaluni mwisho wa Mei, hamisha miche mwisho wa Juni, na inshaallah Septemba uanze kuchuma. Aghalabu tungule huanza kuiva siku 70 hadi 90 baada ya kuhamishwa, kutegemea aina.

Kuhusu aina, Cal J na Rio Grande ni fupi, huzaa kwa pamoja na zinafaa kwa nafasi ndogo. Money Maker hurefuka, huhitaji fito, na huzaa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kwa jikoni, ile inayozaa polepole ina faida yake, maana huhitaji ndoo nzima siku moja.

Udongo na maji ya kwetu

Ardhi yetu ya Pwani aghalabu ni mchanga au mwamba wa matumbawe. Mchanga haushiki maji wala mbolea. Dawa yake ni samadi iliyooza vizuri, ya mbuzi au ya ng'ombe, konzi mbili kwa kila shimo. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi; iache ioze miezi miwili au mitatu kwanza.

Kitu kingine tulicho nacho bure ni makumbi ya nazi. Chini ya shimo weka makumbi kadhaa, upande wa nyuzi ukiangalia juu, kisha fukia kwa udongo na samadi. Makumbi hunywa maji na kuyatoa polepole. Juu ya udongo tandaza majani makavu au makuti ya zamani. Yatazuia jua kukausha ardhi, na yatazuia tope kurukia majani wakati wa mvua, kwani ukungu mwingi hupanda na tope.

Ikiwa ua wako ni saruji tupu, tumia ndoo za lita 20. Toboa matundu chini, changanya udongo na samadi, mche mmoja kwa ndoo. Usipande miwili kwa tamaa.

Maji ni mtihani. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Tungule hustahimili chumvi kidogo, lakini ikizidi, kingo za majani huungua na matunda huwa madogo. Kinga maji ya mvua kutoka paani uyahifadhi kwa ajili ya miche, ambayo ndiyo dhaifu zaidi. Ukilazimika kutumia maji ya kisima, mwagilia kwa wingi mara moja ili chumvi isukumwe chini, badala ya kunyunyiza kidogo kidogo ikabaki juu kwenye mizizi.

Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, si juu ya majani. Na uwe na utaratibu. Ukimwagilia leo, ukaacha siku tatu, kisha ukafurikisha, tungule hupasuka, au kitako chake huwa cheusi na kuoza. Weusi ule si mdudu wala ugonjwa wa kuambukiza. Ni tunda kukosa madini ya kalsiamu kwa sababu maji hayafiki kwa mpango.

Kutoka kitaluni hadi kwenye fito

Fukia mbegu kina cha sentimita moja, weka kivuli chepesi cha makuti, na ukiondoe polepole miche ikikua. Baada ya wiki nne hivi, mche ukiwa na majani manne au matano, uhamishe jioni jua likishuka. Fukia shina hadi karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa shina la mtungule hutoa mizizi popote linapogusa udongo. Kati ya mche na mche acha sentimita 60.

Simika fito mapema na ufunge kwa kamba ya usumba au kitambaa laini, usikaze. Kwa aina ndefu, ng'oa vichipukizi vinavyoota kwenye kwapa la jani na shina, na ukate majani ya chini yanayogusa ardhi. Upepo ukipita kati ya mimea, ukungu hukosa pa kukaa.

Maradhi ya tungule na namna ya kuyatambua

Kabla ya kununua dawa yoyote, jua unapambana na nini. Haya manne ndiyo yanayotusumbua sana.

La kwanza ni mnyauko wa bakteria. Mtungule ulikuwa mzima jana, leo umelala na majani bado ni ya kijani. Kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka majini, ni bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa na udongo wa mizizi, uchome au utupe mbali, na usipande tungule, mabiringani, pilipili wala viazi mahali hapo kwa miaka kadhaa. Mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na ugonjwa wao ni mmoja. Hamia kwenye ndoo zenye udongo mwingine.

La pili ni majani kujikunja juu, kuwa manjano na mmea kudumaa. Hivyo ni virusi vinavyoletwa na nzi weupe wadogo wanaoruka ukitikisa jani. Mmea ulioambukizwa haurudi. Ung'oe mapema uiokoe mingine, na ufunike miche kwa chandarua chepesi tangu kitaluni.

La tatu ni Tuta absoluta, kiwavi cha nondo mdogo wa kijivu kutoka Amerika ya Kusini aliyeingia Kenya mwaka 2014. Huchimba ndani ya jani akaacha madoa kama karatasi iliyochomwa, kisha huingia kwenye tunda. Kwa kuwa yuko ndani, dawa nyingi hazimfikii, na kwingi duniani ameshazizoea. Kwa ua mdogo, mkono wako ndio silaha. Kila baada ya siku mbili chuma majani yenye madoa na tunda lenye tundu, tia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, funga, anika juani wiki nzima. Usitupe pembeni mwa ua, atatoka tu.

La nne ni ukungu wa majani, madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, ambayo huanza chini na kupanda juu. Kata majani yale, punguza maji ya juu, ongeza nafasi. Mara nyingi hayo yatosha.

Kwa wadudu wanaotafuna na kufyonza, tunao mwarobaini. Okota kokwa zake, zikaushe kivulini, zitwange. Gramu 500 za unga huo kwa lita 10 za maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ya kipande, kisha puliza jioni, kwa sababu jua huuharibu haraka. Rudia kila wiki. Mwarobaini hauui papo hapo. Humfanya mdudu aache kula na asikue. Mwenye haraka huona haufanyi kazi, mwenye subira huona matunda.

Nzi wa matunda hajui ukuta

Sasa tuinue macho kwenye mwembe. Mwaka 2003 nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, kwa jina la kitaalamu Bactrocera dorsalis, alionekana Kenya kwa mara ya kwanza, na tangu hapo amesambaa Afrika. Madhara yake yalifika mbali: mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe kwenye masoko ya Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na hayakurudi huko hadi mwaka 2021.

Namna anavyoishi ndiyo itakayokufundisha namna ya kumzuia. Jike hutoboa ngozi ya embe linalokaribia kuiva na kutaga mayai ndani. Funza hula nyama ya tunda, tunda huanguka. Funza hutoka, huingia ardhini sentimita chache tu, hujigeuza, na baada ya siku kumi au zaidi kidogo hutoka nzi wapya. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai katika maisha yake.

Kwa hivyo embe bovu lililolala chini ya mti ndilo kiwanda cha nzi wa wiki zijazo. Ukiliokota kila siku kabla ya funza kutoka, umefunga kiwanda. Usilitupe jaani wala kulifukia juu juu. Tia kwenye mfuko mweusi, funga barabara, uache juani wiki moja hadi mbili, au chimba shimo la nusu mita au zaidi. Mbuzi au kuku ukiwa nao, wape mara tu unapookota.

Kuna na mitego yenye harufu inayowavuta nzi madume, inapatikana kwenye maduka ya pembejeo. Yasaidia, lakini bila ya kuokota ni kama kuchota maji kwa pakacha. Kwa matawi ya chini unaweza pia kuvisha embe moja moja mfuko wa karatasi au gazeti likiwa bado changa. Embe litaiva safi, na kunguru na popo hawataligusa.

Nzi huyu hatambui ua wa nani. Ukiokota wewe pekee na nyumba ya pili imefungwa, wenyewe wako Nairobi au Uarabuni, na maembe yanaoza chini, kazi yako inapotea. Hapa ndipo haki ya jirani inapoingia kwenye kilimo. Mwombe mwenye nyumba ruhusa uokote. Watume vijana wa mtaa Ijumaa na Jumatatu. Mtaa mmoja ukikubaliana kuokota kuanzia Novemba hadi Machi, tofauti itaonekana.

Maji moto ni walinzi, si maadui

Wote twawajua maji moto, chungu wekundu wanaoshona majani ya mwembe yakawa kama mpira, na wakikuuma unaruka. Kwa ajili ya uchungu huo watu huwachoma kwa kinga cha moto au kuwapulizia sumu kabla ya kuangua maembe. Hapo ndipo natofautiana na wengi.

Maji moto ni wawindaji. Hula viwavi, kunguni wa mimea na chochote kinachotambaa mtini. Utafiti uliofanywa Benin, kwa chungu wa aina hii hii yetu, ulionyesha kuwa miembe yenye maji moto wengi hupata madhara machache ya nzi wa matunda. Hata harufu wanayoacha kwenye tunda humfanya nzi asite kutaga. Nchini China wakulima wamewatumia ndugu zao hawa kulinda machungwa kwa zaidi ya miaka 1,600.

Na mnazi je? Kuna kunguni anayefyonza vidaka vikaanguka vikiwa vichanga, na mwenye mnazi akadhani umezeeka. Kunguni huyo alichunguzwa sana Unguja miaka ya 1950, ikajulikana kuwa minazi yenye maji moto hupona naye. Wazee waliokataza kuwachoma hawakuwa wajinga.

Ukitaka wakae, fanya haya. Usipulize dawa kwenye mti wenye viota vyao. Unganisha mwembe na mndimu kwa kamba ili wapite bila ya kushuka chini, kwa sababu kuna chungu wadogo wa kahawia wa ardhini wanaopigana nao na kuwafukuza. Usichanganye viota vya makundi mawili tofauti, watauana. Siku ya kuangua, jipake jivu mikononi na miguuni, tumia upembo na kikapu badala ya kupanda, na mti ulio karibu na mlango au mahali watoto wanapocheza, pogoa matawi yanayoning'inia chini. Sisemi hawaumi, ila maumivu yao ni ya dakika chache, na funza wa maembe ni wa msimu mzima.

Ukweli pia usemwe: maji moto huwafuga wadudu wafyonzao utomvu kwa ajili ya sukari yao, na ukiona weupe umezidi kwenye tawi, likate. Hasara hiyo ni ndogo kuliko faida.

Mpapai na mndimu

Mpapai umepata adui wake, vidungata vyeupe kama pamba vinavyofunika tunda na shina. Vilionekana Kenya mwaka 2016, na Pwani imeathirika vibaya. Vikiwa vichache, vioshe kwa maji ya nguvu yenye sabuni, urudie kila siku tatu. Vikishafunika kichwa cha mti, ukate na kuuchoma, na usipeleke majani wala mapapai yake mtaa mwingine.

Kwenye mndimu utaona viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege. Hao ni watoto wa kipepeo. Kwa mche mdogo wachume kwa mkono. Kwa mti mkubwa waache, hawawezi kuumaliza.

Ukilazimika kutumia dawa

Sikatazi dawa kabisa. Lakini iwe kwenye chupa yake yenyewe, iliyofungwa, yenye namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu. Tazama mstari wa rangi kwenye kibandiko: nyekundu ni sumu kali mno, kisha manjano, buluu na kijani. Nyekundu na manjano hazifai kabisa kwenye ua wenye watoto. Soma siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Ikiandikwa siku 7, basi tungule ya siku ya pili ni sumu, hata ukiiosha. Puliza jioni upepo ukitulia, mbali na mwembe, kisima na nyavu za kuku.

Na dawa ya chupa ya soda usiinunue wala usiiweke nyumbani. Mtoto akiiona ataidhania kinywaji. Ukiona duka linauza hivyo, mwambie mwenyewe kwa upole, na asiposikia, mpelekee habari afisa wa kilimo wa wadi. Afisa huyo huyo, au kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa, ndiko pa kupeleka jani lenye ugonjwa usioujua, kabla ya kutumia pesa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi ya wiki hii ni ndogo: pita chini ya miti yako na mfuko mweusi, okota kila kilichoanguka, kisha ubishe hodi kwa jirani mkubaliane siku za kuokota. Hilo halina gharama, na tungule na maembe yatakayobaki mtakula pamoja.